Shemeji Hasaini

Hapa Namakwekwe, mtaa wetu wa Mbale, hakuna siri inayolala njaa. Kila siri hupata nyumba tatu nne za kuilisha. Habari ya Marjan Sebit na shemeji yake tumeila wote, na mpaka leo watu wakishakaa kibarazani, chai imeiva, lazima mmoja aulize: hivi yule bwana aliponea wapi, na aliumia wapi? Mimi huwajibu kwamba yote mawili yalimpata mahali pamoja, mkononi.

Marjan alikuwa Mnubi wa Jinja. Babu yake alikuja na Waingereza kutoka Sudan, bunduki begani. Baba yake aliendesha malori mpaka akafa. Yeye hakutaka bunduki wala lori, alitaka hesabu. Alisoma kwa posta, vitabu vikitoka ng'ambo vikinuka ukungu wa melini, akafaulu mitihani yote, na mama yake, Bi Mastula, akawaeleza mpaka wauza samaki ambao hawakuwa wameuliza.

Lakini mitihani peke yake haikutosha. Wale wakubwa wa chama cha wahasibu walitaka pia miaka mitatu ya kazi chini ya mhasibu mwenye leseni, mtu wa kukuona kila siku, kukukosoa, na mwisho kuweka saini kwamba huyu sasa ameiva. Ni kama fundi cherehani. Waweza kujua kukata kitambaa chumbani kwako, lakini nani atakupa suti ya bwana harusi kabla fundi wako hajasema umekaa kwake?

Fundi wa Marjan alikuwa Muhamad Gidudu, Mgisu Mwislamu, mzaliwa wa hapa Mbale, aliyekuwa na ofisi ghorofani kule Jinja akikagua hesabu za viwanda na maduka. Mtu mrefu, mpole, mwenye tai moja ya bluu ambayo tuliamini alizaliwa nayo. Siku zile wenye leseni walikuwa wachache. Wahindi walishafukuzwa, wengine walishavuka kwenda Nairobi. Ukimpata mmoja anayekubali kukukalisha, humwachii.

Kila mchana Hadijah, mdogo wake Marjan, alipanda ngazi za ofisi ile na bakuli limefunikwa kawa ya ukili wa rangi, kazi ya mikono ya mama yake. Chakula kilikuwa cha kaka. Ila bakuli lilizidi kukua mwezi hadi mwezi, na wanawake wa Jinja, ambao macho yao hayajui likizo, wakasema yule binti anapikia watu wawili. Gidudu alikuwa hajaoa. Alikula akishukuru, akiangalia mezani. Hapakuwa na zaidi ya hapo, na waliotafuta zaidi walichoka.

Miaka miwili ya Marjan ndiyo kwanza ilikuwa imetimia vita vilipofika. Ilikuwa mwaka sabini na tisa, wakombozi wanakuja kutoka upande wa Tanzania, serikali iliyojaa askari wa Kinubi inakimbia mbele yao, na kila aliyekuwa na kinyongo anatafuta Mnubi wa kumtolea. Haikujalisha kama uliwahi kuvaa sare au hukuwahi. Jina lilitosha. Nyumba za Wanubi Jinja zilianza kuvunjwa kabla hata wanajeshi wapya hawajavuka daraja. Gidudu alikuja na gari lake alfajiri, akawapakia Marjan, Hadijah na Bi Mastula, akawaleta Mbale, nyumbani kwake hapa Namakwekwe. Bi Mastula aliacha kila kitu isipokuwa ile kawa. Aliishika mapajani njia nzima kama mtoto mgonjwa.

Tuliwaona wakiingia. Sisi tuliona na tukanyamaza, na sisemi hivyo kujisifu, kwa sababu kuna nyumba ambayo haikunyamaza. Mbale ilipochukuliwa, vijana wa mtaa walikuja getini wakiwa na askari mmoja aliyechoka, wakamwambia Gidudu wanajua ameficha Wanubi.

Gidudu alisimama mlangoni na tai yake. "Hao ni wakwe zangu," akasema. "Nyinyi ni Wagisu kama mimi. Mtu anatoa mkwe wake?"

Wale vijana walicheka. Mmoja akamwambia askari, "Afande, huyu hana mke. Sisi tumemjua tangu zamani, anajipikia uji."

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya. Bi Mastula, ambaye hakuwa na habari ya lolote, alitokea nyuma ya nyumba na birika lake akitaka kutia udhu. Na Gidudu, bila kufikiri, akafanya anachofanya Mgisu mama mkwe wake anapotokea: aligeuza uso ukutani, akajibanza mpaka karibu aangukie mtaro, akabaki hivyo, mtu mzima na digrii zake, mpaka yule mama akapita. Kicheko kikakatika. Unaweza kusema uongo kwa mdomo, lakini aibu ya mkwe haigizwi. Kijana mkubwa wao akamvuta askari mkono. "Twende, afande. Ni kweli."

Basi kuanzia pale ikabidi aendelee. Mtaa mzima unamtazama. Bi Mastula akiwa sebuleni, mwenye nyumba anaingia kwa mlango wa jikoni. Bi Mastula akienda kisimani, mwenye nyumba anakatiza katikati ya migomba ya watu. Mwanzoni Marjan na dada yake walicheka usiku wakiziba midomo. Lakini wanawake wa mtaa walianza kuuliza maswali yao matamu: mkwe tumemwona, mbona bibi harusi hatumwoni? Na binti mkubwa yumo nyumba moja na mwanamume, ndugu zangu, katika dini gani?

Bi Mastula ndiye aliyekata shauri. Alisema uongo uliowaokoa umekaa nje vya kutosha, sasa uingizwe ndani uwe kweli. Akamuuliza Hadijah. Hadijah akainamisha kichwa, na waliokuwepo wanasema hajapata kuinamisha kichwa haraka namna ile.

Baba hayupo, kwa hiyo walii wa binti ni kaka. Sheikh alimwambia Marjan ampe uwakala, yeye sheikh aozeshe, kama wengi wanavyofanya siku hizi. Marjan akakataa. Alisema mtu huyu amemwokoa shingo, hatamwozesha kwa mkono wa mtu mwingine. Akakaa mkekani, goti kwa goti, akamshika Gidudu mkono, akatamka maneno yote mwenyewe mbele ya ukumbi uliojaa mpaka madirishani. Gidudu aliitikia macho yake mkekani. Sisi tukasema, haya ya bwana harusi. Tukala wali na mbuzi, na Wagisu wakatupikia malewa, machipukizi ya mianzi, kwa karanga, na hata ile nyumba ambayo haikunyamaza ilituma kuku.

Baada ya hapo watu walianza kujenga upya. Gidudu alifungua ofisi upande wa viwandani, karibu na wakoboa kahawa, na Marjan akakaa meza ya pili. Kazi zilikuwepo tele, maana nusu ya mji ilikuwa imechomewa makaratasi na nusu nyingine ilisema imechomewa. Marjan alikuwa hodari wa kazi. Wenye maduka walianza kumwita mhasibu hata kabla hajawa, na yeye hakuwasahihisha. Alikuwa akisema mwaka wake wa tatu ukiisha atakodi chumba chake, ataandika jina mlangoni, na Bi Mastula hatalala tena katika nyumba ya mkwe ambaye anaruka mitaro kwa ajili yake. Hilo ndilo alilolitaka duniani, jina mlangoni. Kijana aliyewahi kutafutwa kwa ajili ya jina lake alitaka aliweke mahali kila mtu alisome.

Mwaka ukaisha. Hadijah akajifungua mtoto wa kike, Nulu, na siku ya akika nyumba ikajaa tena, wanaume sebuleni na uani, wanawake chumbani na mzazi, pazia katikati. Marjan alikuja na fomu zake za ng'ambo ndani ya bahasha. Alitaka shemeji asaini siku hiyohiyo ya baraka, watu wakiona.

Gidudu aliisoma fomu polepole. Akaweka kidole chake mahali fulani, akamwonyesha. Waliulizwa pale kama msimamizi na anayesimamiwa wana undugu wa damu au wa ndoa. Wenye undugu, miaka yao haihesabiwi.

Marjan akasema ruka hapo. Gidudu akasema hawezi. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba miaka ya Jinja ni halali, ataisaini yote, ila mwaka wa tangu nikaha hauna kitu. Umebaki mwaka mmoja, na lazima aukae kwa mtu baki.

"Ulijua?" Marjan akauliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya ndoa. Siku ile getini nilikuwa nafikiria shingo zenu, sikufikiria karatasi. Halafu kila nikitaka kukuambia nakuona unavyofurahi na kazi. Nikasema kesho. Hapo nimekukosea, Marjan, na sina la kujitetea."

Nyumba iliyojaa haina siri, nimeshasema. Kufikia hapo hata waliokuwa uani walikuwa wameacha kutafuna. Na kwa kuwa kimya kinatisha, akatokea mtu wa kukivunja, mfanyabiashara mmoja tumbo mbele, wa wale waliotajirika kwa maduka ya Wahindi, tuliowaita mafuta mingi. "Mbona rahisi," akasema. "Bwana Gidudu, toa talaka moja, weka saini, halafu mrejee mkeo kabla ya magharibi. Sheikh si huyu hapa?"

Watu waliangua kicheko, sheikh naye akacheka. Gidudu alitabasamu kwa adabu.

Marjan hakucheka. Alimgeukia sheikh, akauliza kama mtu anayeuliza njia:

"Inawezekana?"

Nimewahi kusikia watu wakitukanana kwa mama zao na jioni wakala sahani moja. Lakini neno lile, lililosemwa kwa upole tu, liliikausha nyumba. Gidudu alimwambia, "Hilo usiliulize tena." Na pazia likafunguka. Hadijah alitoka na mtoto begani, miguu bado inamuuma, akasimama mbele ya kaka yake ambaye alikuwa amemwozesha kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimekusikia," akasema. "Kula, kaka. Ukishiba uende."

Hakula. Alichukua bahasha yake akatoka, na Bi Mastula alimfuata mpaka njiani akimwita, kisha akarudi peke yake. Gidudu, hata katika msiba ule, aligeuza uso mama mkwe alipopita.

Marjan akarudi Jinja. Huko alikuwapo mzee Bogere, Msoga, mhasibu mwenye leseni na ulimi wa pilipili. Alimtazama Marjan juu mpaka chini. "Mnubi wa kalamu," akasema. "Haya, kaa tuone kama inaandika." Akamweka chumba cha nyuma, kwa sababu wateja wengine bado hawakutaka kumwona. Alipaswa kukaa mwaka mmoja tu. Lakini ile haikuwa miaka ya kutimia kwa wakati. Bogere aliugua, ofisi ikafungwa. Ikafunguliwa, vikaja vizuizi vya barabarani, watu wakawa wanachukuliwa, ikafungwa tena. Na Bogere hakuwa mtu wa kusaini kwa huruma. Kila kazi ikikatika, alisema mwaka tunauanza upya.

Na huku nyuma Gidudu alimtumia salamu. Kila mfanyabiashara aliyepita ofisini kwake akielekea Jinja alibebeshwa maneno yaleyale: mwambie Marjan akija apitie mlango wa mbele, mimi ndiye natumia wa jikoni. Ulikuwa utani wao wa zamani, wa siku zile za kujificha. Marjan alisikia, akatabasamu, wanasema hata macho yalilowa. Kisha akasema ataenda akishapata leseni. Hakutaka kuingia nyumba ile mikono mitupu. Alifikiri karatasi ikiwa mkononi, lile neno alilolisema litafutika lenyewe, kama hesabu iliyopata jibu.

Serikali ikabadilika, ikabadilika tena. Upande wetu wa mashariki amani ilichelewa kufika. Barabara ya kwenda Soroti ikawa ya kuomba dua. Ndipo leseni ya Marjan ikaja, na bado hakuja. Alisema anangoja fremu ya kuitia leseni. Alikuwa amempa seremala mmoja wa Jinja atengeneze ya mvule, yenye kioo, kwa sababu alitaka kumkabidhi Gidudu kwanza aishike, kisha ndiyo aitundike. Seremala alipata homa. Kioo kikakosekana mjini. Ninalikumbuka sana jambo hili la fremu, kwa kuwa ndilo jambo dogo kuliko yote na ndilo lililokaa katikati.

Asubuhi moja Gidudu alitoka kwenda kukagua hesabu za kinu cha pamba upande wa Teso. Watu walimwambia njia ni shwari. Gari liliviziwa kabla halijafika mji wa Kumi. Sisi Waislamu hatuweki maiti kungoja wasafiri. Marjan aliposhuka Mbale na fremu yake imefungwa gazetini, alikuta turubai, viti vya kuazima, na wanawake wanaosha masufuria ya tanga.

Hadijah alikuwa edani. Kaka ni maharimu, eda haimzuii, na Bi Mastula alimfungulia mlango. Mlango wa mbele. Kila jioni alikuja akakaa sebuleni, akacheza na Nulu, ambaye alimwona kama mgeni yeyote, akaondoka. Hadijah hakutoka chumbani. Sheria ilimruhusu kutoka kumwona, na hakutoka.

Akakodi chumba upande wa viwandani. Jina likakaa mlangoni, Marjan Sebit, mhasibu, rangi nyeusi juu ya nyeupe. Tulienda wote kulisoma. Ilikuwa furaha ya watu kumi, na mwenye jina mwenyewe anaangalia chini.

Eda ilipoisha, kitu cha kwanza alichofanya Hadijah kilituacha midomo wazi: alijifunga buibui lake akaenda ofisini kwa kaka yake, amebeba mafaili. Mafabi, ndugu wa marehemu Gidudu, alikuwa amepeleka shauri la mirathi, na hakimu alitaka hesabu za mali ya Gidudu zithibitishwe na mhasibu mwenye leseni. Hadijah aliyaweka mafaili mezani. Alisema ameleta kazi, na atalipa kama mteja yeyote.

Marjan alifungua faili la kwanza, akakutana na mwandiko wa Gidudu. Alikaa nao muda mrefu. Hapakuwa na kazi duniani ambayo angependa zaidi kuifanya. Kwa kila ukurasa angemlipa yule mtu kidogo kidogo, usiku na mchana, bila kuchukua hata senti. Na mjane angelindwa. Akafunga faili.

"Siwezi kusaini hii, Hadijah."

"Kwa nini? Leseni si hiyo ukutani?"

"Mafabi atauliza. Hakimu atauliza. Mimi ni ndugu yako."

Hadijah alimtazama mpaka yeye akaangusha macho.

"Tangu lini?" akauliza.

Hata sisi tunaoijua habari yote hatuna la kumsaidia. Marjan aliinuka, akafunga ofisi mchana kweupe, akayachukua mafaili yote mikononi, akamwambia Hadijah atampeleka Jinja kwa mzee Bogere, kwani ndiye mtu baki. Hadijah alitembea mbele, yeye nyuma. Alipanda basi mbele, yeye nyuma. Alimuuliza mara moja tu, kwa mazoea ya wanawake wa kwao, kama amekula. Akasema hapana. Hadijah akatazama dirishani. Hakuwa na bakuli.

Ofisini kwa Bogere wateja huingia ndani na ndugu zao hukaa benchi la nje. Marjan aliyaweka mafaili mezani kwa mwalimu wake, akarudi nje, akakaa benchini kati ya mama mwenye kikapu na mzee mwenye fimbo. Mlango ulibaki wazi kwa sababu ya joto. Bogere, ambaye alimjua Marjan kama mfuko wa koti lake, alichukua kalamu na kuuliza kwa utaratibu, kama alivyowauliza wote.

"Aliyekusindikiza ni nani wako?"

Marjan alisikia swali. Alisikia pia feni ikigeuka.

"Mjomba wa mtoto wangu," Hadijah akasema.

Bogere akaandika.